Mikono Kumi na Minne Mchangani Igawa

Ndugu zangu mnaopiga pasi na kuanika pamoja nami,

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza vipande vipande, huyu leo hili, yule kesho lile, na kila nikianza kusimulia mnacheka kabla sijafika penye kuogopesha. Basi nimeona niandike. Shule yangu mnaijua ilipoishia, kwa hiyo kalamu ikienda upande mtanisamehe. Habari za kuomba ruhusa na kutafuta nafasi kwenye gari naziruka, hazina utamu. Naanzia pale nilipokalia magunia. Na swali lenu kubwa, kwa nini juu ya vitu vyangu vyote vizuri nimetundika gunzi, nitalijibu likifika zamu yake.

MBEYA: KISANDUKU

Asiyenijua naye asipotee: mimi ni Ambakisye, dobi wa hoteli ya wageni pale Mbeya, na ninakusanya vikunio vya mgongo. Kikunio ni kijiti chenye mkono mdogo mwishoni, vidole vimekunjwa kidogo, cha kujikunia pale ambapo mkono wako mwenyewe haufiki. Wageni wanaopita kutoka Rodesia, Nyasaland na Nairobi huvinunua njiani viwe ukumbusho, kisha huvisahau chini ya mito. Mkubwa wetu husema tupa. Mimi situpi.

Mpishi aliponiona na cha kwanza aliniuliza, "Sasa hiki kinashinda gunzi kwa kitu gani? Mahindi yamejaa tele, vunja gunzi ujikune."

Nilijua tu kwamba nikikishika naona mji ambao sijafika.

Hadi mvua za mwaka huu nilikuwa navyo kumi na vinne. Kuna cha mti mwekundu, kuna cha pembe, kuna cha chuma kinachovutwa kikarefuka. Pamoja navyo nina vikorokoro vingine: punda wa udongo anayetikisa kichwa, na kipira cha kioo ambacho ukikipindua theluji inaangukia kanisa. Lakini mfalme wa wote alikuwa ule mkono mweupe. Ulikuwa wa mfupa, mdogo kama mkono wa mtoto anayeanza kusimama dede, wenye kucha zilizochongwa moja moja. Hata mistari ya kiganja ilikuwapo. Usiku niliufunika kwa kitambaa, maana nao niliona kama unasikia baridi.

Dereva mmoja wa lori, Salumu, ambaye huleta nguo za wageni kwetu akipita, ndiye aliyepeleka sifa zake hadi Iringa. Akarudi na salamu. Kule kuna mzee mmoja askari wa zamani, Mzee Kihwele, ana kikunio alichotoka nacho vita vya Bama, kule Asia walikopigana na Wajapani, cheusi, kinachokunjwa mara tatu kama mguu wa panzi. "Anasema umpelekee ule mweupe, naye atakupa huo wa Bama," Salumu aliniambia. "Ila mkono kwa mkono. Ule mweupe hasa, siyo mwingine."

Mguu wa panzi! Siku tatu sikulala vizuri.

Asubuhi ya safari Salumu alinitazama nikipanda na kisanduku changu cha mbao, vikunio vyote kumi na vinne ndani, maana sikuthubutu kuviacha nyuma. "Amba, humo umeweka nini?"

"Mikono."

Akashuka garini, akanivuta pembeni. "Neno hilo umelisema mara ya mwisho hapa hapa. Husikii habari? Watu huko chini wanasema kuna chinjachinja, wanatembea na visanduku, wanakamata watu na kuwatoa damu. Akikuuliza mtu, sema umebeba pasi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

CHIMALA: PASI NYEPESI

Tulikaa abiria saba juu ya magunia ya kahawa, turubai likiwa juu ya vichwa vyetu. Mvua ilitukuta kabla hatujamaliza kuteremka, na lile turubai lilikuwa na matundu ya kutosha kila mtu apate lake. Langu lilidondoka juu ya kisanduku. Nilikiweka mapajani, nikakiinamia kama kuku aliyelalia mayai.

Mbele yangu alikaa bwana mmoja mwenye kofia ya sufu, mfanyabiashara wa tumbaku. Alinitazama toka tulipoondoka hadi tuliposimama Chimala kula ndizi za kuchoma. Nilishuka na kisanduku. Nikaenda kichakani kujisaidia na kisanduku. Nikarudi nacho.

"Kijana," akasema, "hicho kitu hakina miguu, hakitakimbia. Kina nini?"

"Pasi, baba."

"Pasi." Kabla sijamzuia akakinyanyua kwa vidole viwili. Akakitikisa. Ndani kukasikika kokoro, kokoro, kama mifupa. "Pasi za wapi hizi, nyepesi kama maganda ya karanga?"

Nikasema ni pasi ndogo, za kola. Mtu yeyote aliyepiga pasi hata siku moja angeangua kicheko. Yeye hakuangua. Tulipopanda tena, mama mmoja mwenye kuku alimhamisha kuku wake mbali nami, kisha akajihamisha na yeye mwenyewe. Kutoka hapo hadi Igawa nilikuwa na nafasi kubwa kuliko abiria wote, na sikuifurahia. Unapodanganya kitu kidogo na mtu asikuamini, huwezi tena kurudi kusema kweli, maana kweli yenyewe ndiyo mbaya zaidi.

IGAWA: MAJI JUU YA DARAJA

Mto Mbarali ulikuwa umepanda juu ya daraja. Maji mekundu yalipita na magogo, na kelele yake ilisikika hata hotelini. Malori manne yalikuwa yamepangana yakingoja. Tukaambiwa kesho. Kesho yake tukaambiwa kesho.

Chakula, siwafichi, kilikuwa kizuri. Wali wa Usangu, mweupe, na samaki wa kukaanga mwenye mchuzi wa nyanya. Mama wa hoteli alinipa ukoko bila kuomba. Lakini nilipokaa kwenye benchi, watu waliinuka mmoja mmoja, na niliona yule bwana wa kofia akinong'ona na vijana waliokuwa wanatengeneza nyavu.

Siku ya pili jua lilitoka kali. Nikanusa kisanduku changu: harufu ya uvundo. Moyo ukanipasuka. Nilifikiria ule mweupe ukishika ukungu, nifike Iringa na mkono wenye madoa, Mzee Kihwele aufukuze pamoja na mimi. Lazima nivianike. Na mimi kuanika ndiyo kazi yangu, mnajua. Kitu hakianikwi kwa kulazwa chini, upande mmoja utabaki na maji. Kinasimamishwa upepo ukizunguke.

Nikaenda mbali na watu, juu ya mto, nyuma ya mashamba ya mpunga, penye mchanga safi. Nikavichomeka vyote mchangani kwa mpini, vidole juu. Safu mbili, saba na saba. Mweupe nikauweka mbele. Kisha nikajilaza kwenye majani, nikavitazama. Ilikuwa kama nchi kumi na nne zimeinua mikono kunisalimia. Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Ndiyo furaha ya mwisho niliyoipata kwa siku mbili.

Mwanamke mmoja alitokea kwenye mpunga na mtungi kichwani. Mimi hakuniona, nilikuwa majanini. Aliona mchanga, na mikono midogo imetoka ndani ya mchanga.

Mtungi ulianguka. Hakupiga kelele mara moja. Alifungua mdomo, hamna sauti, akafungua tena, na sauti ilipotoka ndege wote wa mpunga waliruka. "Watoto! Amezika watoto!"

Nikainuka kumwambia, mama, subiri. Ndilo kosa. Aliona mtu anatoka majanini kumfuata.

IGAWA: GHALA LA MPUNGA

Walikuja na majembe na mapanga, na wengine walikuja na mchi tu. Nilikuwa nimepiga magoti navirudisha kisandukuni. Mtu akanikanyaga mkono. Mwingine akasema, "Msimguse mwilini, ana dawa," basi wakanisukuma kwa miti kama unavyosukuma nyoka.

"Pasi!" Yule bwana wa kofia alikuwa anatetemeka kuliko mimi. "Sikuwaambia? Aliniambia mimi ni pasi!"

Kwa mbali nilimwona Salumu kando ya lori lake. Nikamwita kwa jina. Watu wote wakageuka kumtazama.

"Mimi ni dereva," Salumu akasema. "Nimempakia tu. Simjui."

Neno hilo liliniuma kuliko kile kisigino mkononi.

Wakanifungia kwenye ghala la mpunga. Ilikuwa mchana kweupe, na mwanga uliingia kwenye nyufa za miti, mistari mistari, na katika kila mstari niliona miguu. Miguu mingi. Mmoja alisema nitupwe mtoni, maji yatajua cha kufanya. Mwingine akasema kwanza nionyeshe miili iko wapi. Nilijaribu kupaza sauti kwamba ni vya kukunia mgongo, na mwanamke mmoja akasema kwa huzuni, "Mnasikia? Anakunia mgongo mikono ya watoto." Nilimfikiria mama yangu kule Rungwe, nani atamwambia, na atamwambia nini.

Jumbe, mkubwa wa kijiji kile, alifika. Sikumwona uso, nilisikia sauti tu, ya mtu aliyeamshwa usingizini lakini mwenye akili. Akauliza nani aliyeona kwa macho. Wakasema ni yule mama, mgeni, wa kule ng'ambo ya mashamba. Akauliza mimi ni kabila gani. Salumu, angalau hilo, akasema Mnyakyusa.

"Kuna mzee wa Kinyakyusa amehamia huku juzi kulima mpunga," jumbe akasema. "Mwaisanila. Mwiteni aje amsikilize kwa lugha yao. Na yule mama asimame hapa hapa aseme mbele yake alichoona. Tusiue mtu kwa kelele."

Wakanitoa nje. Yule mama alisimamishwa hatua tano mbele yangu, uso umevimba kwa kulia, akaanza. Alikuwa anasema vizuri, siwezi kumlaumu: alivyotoka shambani, alivyoona vidole. "Kimoja kilikuwa cheupe, kidogo, kama cha mwanangu wa mwisho..."

Hapo akakatika. Macho yakamtoka akitazama nyuma yangu. Akavuta khanga akajifunika kichwa chote, akapiga mayowe, akakimbia na kujitosa kwenye mpunga hadi asionekane.

"Amemroga! Amemtupia dawa mbele yetu!"

Nikaona panga limeinuka. Nililiona vizuri, lilikuwa na kutu karibu na mpini. Nikafumba macho.

"Acheni! Acheni, jamani! Hamkimbii huyo! Ananikimbia mimi!"

Nilipofumbua, kule njiani kulikuwa na mzee amesimama, ametugeuzia mgongo na kujifunika uso kwa mkono. Alikuwa anapiga kelele akiutazama mlima.

"Mimi ndiye Mwaisanila! Huyo ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu! Mnatuweka uwanja mmoja kama mbuzi? Haruhusiwi kuniona, wala mimi kumwona! Hata jina langu halitamki! Mtoeni kwanza, mwekeni mahali, ndipo nije!"

Lile panga halikushuka, ila halikupanda tena. Mimi nilijua mila hiyo, nimezaliwa ndani yake. Shangazi zangu wameruka mitaro kumkwepa babu. Lakini kwa uoga nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna kitu kingine duniani cha kukimbiwa isipokuwa mimi.

Jumbe akakuna kichwa. "Sasa shahidi na mwamuzi hawaonani. Tutafanyaje?"

Ikaamuliwa mama akae nyuma ya ghala, ukuta uwe katikati. Wanawake wawili wakamtoa mpungani, amefunikwa khanga kama mgonjwa, wakamzungusha. Hapo ndipo mzee akageuka, akaja.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati la kaki limefungwa hadi shingoni. Nikapiga magoti nikamsalimu, "Ugonile, tata." Akaniitikia. Aliniuliza kwa Kinyakyusa kijiji changu, baba yangu, babu yangu, nani aliyenibatiza. Nilijibu moja baada ya jingine. Kisha akapiga magoti mbele ya kisanduku, akautoa ule mweupe. Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Huu ni mfupa wa nini?"

"Wa mnyama, tata. Umechongwa. Tazama, una tundu la kupitishia uzi."

"Unafanya nini?"

"Unakuna mgongo."

"Mgongo wa nani?"

Sijui kwa nini nilijibu hivi. "Wa mtu asiye na wa kumkuna."

Akafungua vifungo viwili vya shati, akauingiza mkono kwa nyuma ya shingo, polepole, kama anaingiza kwenye shimo lenye nyoka. Akavuta mara moja. Akasimama. Akavuta tena. Macho yakajifumba, mdomo ukafunguka, na mguu wake wa kushoto ukaanza kutikisika wenyewe.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mama wa hoteli. "Shuka kidogo, babu!" akasema. "Hapo umepita, rudi kulia!"

"Nyamaza, mama," mzee akasema bila kufumbua macho. "Usinipoteze."

Ndipo kicheko kikalipuka. Hata yule mwenye panga. Jumbe akasema ushahidi haujatosha, lazima na yeye ajaribu, akachukua cha pembe. Bwana wa kofia alikaa kando muda mrefu, kisha akasogea, akanigeuzia mgongo. "Kushoto," akaniambia kwa hasira. "Si hapo. Chini. Ehe."

Mimi sikuweza kucheka. Nilikaa chini mchangani, nikavihesabu vilivyobaki kisandukuni.

Mzee Mwaisanila akaja kunirudishia. "Mke wangu alikufa, huu msimu wa saba," akasema, taratibu, kwangu tu. "Mwanangu yuko machimboni Makongolosi. Nyumbani nina wajukuu na huyo uliyemwona. Wajukuu wanakuna kama kuku, wanaparua wanakimbia. Huwa naokota magunzi, nayakuta mlangoni yamefungwa kwenye fimbo, sijui mjukuu gani anayaacha. Ndiyo hayo najikunia." Akaufuta ule mkono mweupe kwenye shati lake, akaninyooshea. "Ndaga, mwana. Asante."

Nikaushika. Lakini vidole vyake vilichelewa kuachia. Kidogo tu.

"Kaa nao, tata," nikasema.

Nilijuta kabla sijamaliza neno. Bama ilipita mbele ya macho yangu na mguu wake wa panzi ikaenda zake. Mzee alinishika kichwa kwa mikono miwili. Na nyuma ya ukuta wa ghala nikasikia mtu akivuta kamasi.

MAKUMBAKO: KOTI

Maji yalishuka asubuhi iliyofuata tukavuka. Juu kule baridi ilitukamata. Tulikula viazi vya moto Makumbako, tumevishika mikononi kwa muda kabla ya kuvila. Kila gari likisimama nilitazama watu wanaokuja upande wetu, nikahesabu wangapi wana fimbo. Nilikuwa nakaa na kisanduku miguuni mwa wengine ili kisionekane changu.

Salumu alikuja na koti lake akanivisha. "Nilikukana," akasema.

"Ndiyo."

"Nina watoto watatu, Amba."

Nikageukia upande wa barabara. Lakini koti nilivaa, na kufika Sao Hill nilikuwa nimemgawia kiazi changu.

IRINGA: MKONO WA BAMA

Mzee Kihwele anakaa kwenye mteremko chini ya mji, penye mianzi. Alinipokea kwa "Kamwene" na kikombe cha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Alikunywa, nikanywa. Kisha akaweka mkono wa Bama juu ya goti lake. Wakubwa wangu, ulikuwa kama Salumu alivyosema, mweusi, unang'aa, unakunjuka mara tatu. Vidole vilikuwa virefu na vyembamba kama vya mtu aliyeugua.

"Mweupe wangu uko wapi?"

Nikamsimulia yote. Alisikiliza bila kunikatiza, na kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kunyong'onyea.

"Ungekuwa mweupe," akasema, "mke wangu angekubali uingie ndani."

"Kwani huu hauingii?"

Akaukunja, akaukunjua. "Niliuchukua kwenye mkoba wa mtu aliyekuwa hauhitaji tena. Alikuwa amelala mtoni, ameutoa mkono mmoja nje ya maji. Sikuwahi kujikunia nao, hata siku moja. Kuutupa naogopa. Kuutoa bure ni kumpa mtu balaa. Nikasema nibadilishe na mweupe, rangi ya heri. Lakini sasa, haya, chukua, nipe chochote. Hata huo wa mti."

Alininyooshea. Ndugu zangu, kitu nilichokuwa nakiota kilikuwa shibiri moja kutoka mkononi mwangu. Nikautazama, nikaona mchanga, nikaona maji mekundu ya Mbarali, na mtu ameinua mkono mmoja na hakuna aliyemletea jumbe wa kumwokoa. Mkono wangu haukunyanyuka.

"Siwezi, baba. Naogopa."

Alitikisa kichwa. Nadhani alikuwa anajua. Nikampa yule punda wa udongo, niliyekuwa nimembeba mfukoni njia nzima, bila kubadilishana na chochote. Akamgusa, punda akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, na mkewe aliyekuwa mlangoni akacheka. Huyo punda aliingia ndani. Mkono wa Bama ulirudi kwenye kona ya paa la banda la mbuzi, nami niliondoka bila kutazama nyuma.

KURUDI

"Igawa hatusimami," Salumu aliniambia. "Tunavuka daraja, tunanyoosha."

Nilimshukuru. Nilijifunika turubai hadi puani. Daraja lilikuwa kavu. Tukapita ghala, tukapita hoteli, nikaanza kupumua, ndipo nikasikia kelele.

Mwanamke alikuwa anakimbia nyuma ya lori, ameinua fimbo juu ya kichwa, anapiga mayowe. Nyuma yake wanakuja watu wawili, watatu, watoto. Nilimjua kwa ile khanga. Salumu naye alimwona kwenye kioo, maana gari lilinguruma likaongeza mwendo.

Nikasema moyoni, mzee amekufa. Kile kikunio kimemdhuru. Wanakuja kunimalizia. Nikajibana kati ya magunia. Lakini yule mama alijikwaa, akaanguka, akainuka, akaendelea kukimbia, na khanga imeanguka hakuiokota. Mtu anayekuja kuua hawi na uso ule.

Sijui nani aliupiga mkono wangu juu ya paa la chumba cha dereva. Nilipiga mara tatu. "Simama! Salumu, simama!"

"Una wazimu?"

"Simama!"

Alifika anahema. Akapiga magoti barabarani, vumbi lote lile, akaninyooshea ile fimbo kwa mikono miwili. Mwishoni ilifungwa gunzi kwa kamba ya mgomba.

"Mkwe hataki tena hili," akasema alipopata pumzi. "Tangu apate ule mkono wako haligusi. Hili nilikuwa nimeshamtengenezea la mwaka huu."

"Wewe ndiye unayeyaacha mlangoni?"

"Alfajiri, kabla hajaamka. Hajui. Na ningemwambiaje?" Akanigeuzia gunzi nilione. Lilikuwa limeunguzwa kidogo motoni ili lisichome, limesuguliwa kwa majivu. "Urefu nimepima kwenye nguzo ya mlango wake, pale alipoacha alama kwa kujisugua. Wewe unakusanya. Basi weka na hili."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamuuliza nimtumie mzee salamu amjue ni nani. Akashtuka, akatikisa kichwa sana, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Unisamehe kwa zile kelele."

"Ningekuwa wewe, ningepiga zaidi."

Akaenda kuokota khanga yake. Salumu akawasha gari.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilikwenda kuutafuta mkono wa Bama nikarudi na gunzi, na bado nikisikia mtu anakimbia nyuma yangu nageuka. Jana mpishi aliingia chumbani kwangu, akatazama ukutani, akaniuliza tena lile swali lake la zamani, kikunio kinashinda gunzi kwa kitu gani. Nikalitungua nikampa ajaribu. Alijikuna kwa muda mrefu, amefumba macho. Nikamwambia hili hakuna kinacholishinda, na alirudishe pale pale juu.